Usimtie Mbwa Mkono Kinywani

Msimu wa mahindi mabichi unapofika, vichochoro vya Kitale na Bungoma hujaa magunzi. Mtu hula mahindi yake ya kuchoma, akatupa gunzi, na mbwa akaliokota na kulimeza vipande vipande. Wengi wetu hudhani kwamba tumbo la mbwa huyeyusha kila kitu. Sivyo. Gunzi halisagiki tumboni. Laweza kukwama katika utumbo na kuuziba, na pengine dalili zikatokea siku kadhaa baadaye. Hali ni hiyo hiyo kwa soksi, uzi au karatasi ya plastiki.

Mimi ni daktari wa binadamu, si wa mifugo. Nalizungumzia jambo hili kwa sababu wenye mbwa hutujia wakiwa na vidole vilivyoumwa.

Basi ufanyeje? Kwanza, ondoa mabaki ya kitu hicho na uhifadhi kipande kimoja. Kumbuka ukubwa wake na saa kilipomezwa, kwani hayo ndiyo utakayoulizwa. Pili, usimlazimishe kutapika. Maji ya chumvi yaweza kuwa sumu kwake, na kitu chenye ncha humjeruhi tena kikirudi. Mafuta ya kupikia na maziwa hayazibui utumbo. Tatu, ukiona uzi unaning'inia mdomoni au nyuma, usiuvute, maana waweza kuukata utumbo. Nne, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Usingoje mpaka akatae chakula, atapike mara kwa mara au tumbo limvimbe.

Lakini kuna hatari kubwa zaidi, nayo ni yako wewe msomaji. Mbwa mwenye kichaa hushindwa kumeza kwa sababu misuli ya koo imepooza. Mate humtoka, taya hulegea, nawe utaapa kwamba ana mfupa kooni. Isitoshe, aweza kumeza vijiti, mawe na hata udongo. Mwenye huruma hutia mkono ili amwokoe, na virusi vilivyomo katika mate hupenya kwenye mchubuko mdogo tu. Dalili za kichaa zikishamtokea binadamu, ni nadra mno apone.

Kwa hiyo, mbwa anayetokwa mate na kushindwa kumeza usimguse. Waondoe watoto, funga lango, kisha umwite daktari wa mifugo. Iwapo umekwisha kuumwa au mate yamegusa kidonda, osha mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu uende hospitali siku hiyo hiyo ukachanjwe. Maliza sindano zote utakazopangiwa, hata kama kidonda kimepona.

Mwaka 2014 Kenya ilizindua mpango wa kukomesha vifo vya binadamu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030. Mpango huo hautafaulu kwa kazi ya serikali peke yake. Kwa maoni yangu, anayefuga mbwa mjini bila kumchanja kila mwaka anacheza na maisha ya jirani zake. Sindano moja ya mbwa ni nafuu kuliko msururu wa sindano za mtu aliyeumwa. Ukifika nyumbani leo, kitafute cheti cha chanjo cha mbwa wako na usome tarehe yake.