KIBARUA MWENYE SHAHADA YA UDAKTARI



Tukisikia neno kibarua, twamfikiri mtu asimamaye langoni pa kiwanda alfajiri akingoja jina lake liitwe. Hatumfikiri mtaalamu wa utafiti katika Chuo Kikuu. Lakini huko Ujerumani yuko, na ni sheria yenyewe iliyomfanya hivyo.

Mfanyakazi wa kawaida wa Ujerumani, tajiri asipokuwa na sababu maalum, hawezi kuwekwa kwa mkataba wa muda kupita miaka 2. Mwaka 2007 watafiti wakatungiwa sheria yao peke yao: miaka 6 kabla ya kupata shahada ya udaktari, na 6 mingine baadaye. Muda wote huo ni mkataba juu ya mkataba. Ukiisha, asiyepata uprofesa atafute mradi wenye fedha za nje, au atoke. Naye umri umekwenda na watoto anao. Taarifa rasmi ya 2021 yasema kati ya kila watafiti 100 wa vyuo walio chini ya miaka 45, wasio maprofesa, 92 wana mikataba ya muda.

Wizara ilitengeneza filamu fupi ya kuisifu sheria hiyo, na ndani yake msichana wa kubuniwa, Hanna. Ikasema mikataba ya muda yafaa ili kizazi kimoja kisizibe nafasi zote. Juni 2021 watafiti kwa maelfu wakajibu, "Mimi ni Hanna." Filamu ikaondolewa. Sheria ikabaki.

Kuziba! Mbona profesa haambiwi anaziba, wala karani wa Wizara?

Tena kuna jambo baya zaidi. Mara nyingi profesa anayemwongezea kijana mkataba ndiye anayemsahihishia tasnifu yake. Atalalamika kwa nani?

Hapa Kenya, mwaka ule ule wa 2007, Sheria ya Ajira katika kifungu cha 37 ilisema kibarua akitimiza kazi ya mwezi mmoja mfululizo ahesabiwe mfanyakazi wa mwezi. Matajiri wengi huikwepa, twajua, lakini angalau tuna kitu cha kuwaonyesha.

Basi vijana wetu waendao kufanya utafiti Ujerumani, kabla ya kutia sahihi, waulize mkataba ni wa miezi mingapi. Kisha waulize ofisi ya GEW iko wapi. Hicho ndicho chama cha wafanyakazi wa elimu na utafiti, na wageni pia huandikishwa.