Aliyeskani Kwanza Ndiye Mwenye Kamera

Wasee, swali moja kabla hujapita. Ile kamera iko kwa duka la mathe wako, inafunguka kwa simu za watu wangapi? Usinijibu haraka. Mimi pia nilikuwa na jibu, na halikuwa la kweli.

Mathe ni mshonaji hapa Majengo, Meru. Duka ni chumba kimoja: cherehani mbili, meza ya kukatia, vitambaa ukutani, na kule kwa kona pazia ambapo wateja hujaribu nguo. Kuna usiku mlango ulivunjwa, vitambaa vikaenda, cherehani moja ikaenda. Kwa hivyo aliposema anataka kamera, hakuna mtu nyumbani alibisha. Jirani akaleta fundi, fundi akapanda ngazi, akatoboa ukuta, akaunganisha kamera na waifai ya ploti. Kazi ya nusu saa. Akachukua simu ya mathe, akabonyezabonyeza, akamwambia, "Mama, sasa duka utaliona hata ukiwa kwa harusi Maua." Mathe akamlipa na akamwekea chai.

Mimi nilikuwa Nairobi, chuoni. Nilitaka kuona duka kwa kompyuta yangu, ndio usiku nikiwa macho nichungulie mlango. Nikakwama. Kila nikijaribu kuongeza kamera kwa akaunti yangu inakataa: kifaa hiki tayari kina mwenyewe. Nikasema sawa, mwenyewe ni mathe. Niliporudi nyumbani nikashika simu yake, nikafungua mipangilio. Mathe alikuwa ameandikwa mgeni. Mwenyewe alikuwa fundi.

Hebu tuelewane hapo. Kamera nyingi za bei ya chini hufanya kazi hivi: akaunti ya kwanza kuskani msimbo wa QR ndiyo inasajiliwa kwa seva za kampuni kama mwenye kamera. Wengine wote wanaingia kwa ruhusa yake. Yeye anaweza kutazama, kurudisha video za jana, kusikiza kama kuna maikrofoni, na akitaka, kukutoa wewe. Ukuta ni wako, stima unalipa wewe, pesa ilitoka kwako. Kamera si yako.

Na ilikuwa inaangalia wapi? Mlango, ndiyo. Lakini lenzi ni pana, na upande wa kulia ilishika lile pazia, ambalo hata ukilivuta halifiki ukutani. Miezi minne. Wateja wa mathe ni akina mama wa mtaa, wasichana wa shule, mabibi harusi. Wanavua buibui wakijua wako na mwanamke mwenzao, basi.

Nilimpigia fundi. Hakukana. "Kijana, hivyo ndivyo mimi hufanyia wateja wote. Mtu akisahau paswadi si ni mimi atanipigia?" Na nitasema ukweli: sina ushahidi wowote kwamba aliwahi kuchungulia. Lakini pia hakuna njia ya mathe kujua, na hiyo ndiyo shida. Hata kama fundi ni mtu safi, simu yake moja imebeba kila duka alilowahi kufunga kamera. Siku ikiibwa kwa matatu, aliyeiokota ameingia madukani bila kuvunja kufuli.

Najua mtu ataniambia, "Lakini fundi tunamjua, ni wa hapa hapa." Fundi wa kufuli pia ni wa hapa. Akimaliza kazi si unampokonya funguo zote? Basi kwa nini huyu wa kamera anaenda nyumbani na moja?

Usidhani ni mambo ya Majengo tu. Kamera maarufu ya kwanza kutazamwa kwa mtandao iliwekwa mwaka 1991 katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, na ilikuwa inaangalia birika la kahawa, ndio watu wasitembee bure kulikuta tupu. Birika halina siri. Tulipoanza kuelekeza kamera kwa watu, mambo yakabadilika. Mwaka 2014 tovuti moja ilianika picha za moja kwa moja kutoka kamera zaidi ya 70,000 duniani, kwa sababu wenyewe waliziacha na paswadi ya kiwandani. Mwaka 2016 kirusi kinaitwa Mirai kilijaribu majina na paswadi za kiwandani kama 60 hivi kwa kamera na ruta, na zikafunguka kwa wingi. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilitumiwa kuangusha Twitter na Netflix kwa masaa. Kamera za watu wa kawaida tu, zenye paswadi kama "admin".

Sasa ukitaka kuona kamera kwa kompyuta ukiwa mbali, fanya hivi.

Kwanza, anza ndani ya nyumba. Kamera na kompyuta zikiwa kwa ruta moja, kamera inapewa anwani yake, mfano 192.168.1.20. Kama kamera yako inakubali RTSP, programu ya bure kama VLC itafungua hiyo picha bila kupitia seva ya mtu. Hapo hapo badilisha paswadi ya kamera na ya ruta.

Pili, ukitoka nje ya nyumba, usikubali mtu akufungulie porti kwa ruta ili kamera ionekane moja kwa moja kwa intaneti. Ni kutoa mlango kwa bawaba. Na kama intaneti yako ni ya laini ya simu, mara nyingi hata haitafanya kazi, kwa sababu wateja wengi wanatumia anwani moja ya nje. Tumia programu ya kampuni ukiwa wewe ndiye mwenye akaunti, au kama unajiweza kidogo weka VPN kama WireGuard, ambayo inafanya kompyuta yako ya Nairobi iwe kama iko hapo dukani.

Tatu, chunga bando. Picha safi ya megabiti 2 kwa sekunde inakula karibu MB 900 kwa saa moja. Ile picha ndogo ya kilobiti 256 inakula kama MB 115. Kuona kama mlango umefungwa, ndogo inatosha.

Nne, na hii haina gharama: kamera iangalie mlango na pesa, isiangalie watu wakivaa.

Kuna pia sheria. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha yako, na tangu 2019 tuko na Sheria ya Ulinzi wa Data. Kamera ya biashara si mchezo wa nyumbani: mteja ana haki ya kujua anarekodiwa na kwa nini. Mwaka 2023 mgahawa mmoja Nairobi uliambiwa ulipe shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha za wateja mtandaoni bila idhini yao. Hiyo ni picha ya watu wakijiburudisha. Fikiria ya mtu nyuma ya pazia.

Sisi tulimaliza hivi. Fundi alikuja, akaitoa kamera kwa akaunti yake mbele yetu, na sasa anasema ataanza kuwaachia wateja waskani wenyewe. Tukaifuta kabisa kwa kubonyeza kile kitufe kidogo, tukaigeuza iangalie mlango peke yake, na mathe akabandika karatasi: "Duka hili lina kamera mlangoni."

Halafu nikatoa simu yangu niskani msimbo, ndio nimsaidie haraka. Mathe akanishika mkono. "Weka hiyo simu chini. Nionyeshe, nifanye mwenyewe."

Alichukua dakika ishirini na paswadi akaiandika kwa daftari la vipimo, kitu ambacho si vizuri, lakini hilo daftari halitokangi kwa droo yake. Leo kwa hiyo kamera mgeni ni mimi. Akitaka kunitoa, ananitoa.

Leo jioni chukua simu ya mathe wako, fungua mipangilio, angalia mwenyewe ni nani. Ukipata si yeye, mrudishie kamera yake. Na usiibebe wewe.