Kwenye Madden, macho yanashinda vidole

Picha huwa ni ileile. Shabiki wa soka, mkali wa EA Sports FC ambaye mtaani hakuna anayemgusa, anashika pedi ya Madden kwa mara ya kwanza. Anachagua Kansas City Chiefs kwa sababu amesikia jina la Patrick Mahomes. Mpira ukimfika tu, anarudi nyuma hatua 15, anabana kitufe cha mbio, anatupa pasi ndefu kadiri anavyoweza. Beki anaidaka. Anarudia. Inadakwa tena. Kabla ya mapumziko ubao unasoma 28-0 na jamaa anaweka pedi chini. Gemu mbovu, anasema.

Gemu sio mbovu. Jamaa amekwenda kucheza soka mahali ambapo soka haichezwi.

Madden ni gemu ya mpira wa Marekani, ule wa helmeti na mabega makubwa, na inatoka kwa kampuni ileile inayotengeneza FC, zamani FIFA. Labda hapo ndipo watu wanapodanganyika. Pedi ni ileile, nembo ya kampuni ni ileile, basi wanadhani na akili ni ileile. Wanaingia na mazoea ya soka: kasi, chenga, presha ya juu mwanzo mwisho. Wanatoka wamepigwa nyingi.

Tofauti kubwa iko hapa. Soka haisimami. Ukipoteza mpira, unakimbia kuutafuta, mchezo unaendelea. Mpira wa Marekani unasimama kila baada ya sekunde chache. Timu yenye mpira inapewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikizipata, inaanza upya na majaribio mengine manne. Ikizikosa, mpira unakwenda kwa mpinzani. Kuufikisha mpira kwenye eneo la mwisho ni tachidauni, pointi 6, na mkwaju wa baada ya hapo unaongeza 1. Ukishindwa kufika, unaweza kuupiga mpira kwa mguu upite katikati ya nguzo ukapata 3.

Kabla ya kila jaribio, watu 22 wanajipanga na kutulia. Sekunde hizo za utulivu, ambazo shabiki wa soka anaziona kama kupoteza muda, ndizo gemu yenyewe. Anayezitumia kutazama anashinda. Anayezitumia kusubiri kubonyeza anapigwa.

Na hii haikutokea kwa bahati mbaya. John Madden, mwenye jina lililoko kwenye kava, alikuwa kocha kabla ya kuwa gemu. Aliifundisha Oakland Raiders kwa misimu 10 na Januari 1977 akabeba Super Bowl kwa kuichapa Minnesota Vikings 32-14. Baadaye akawa mtangazaji wa televisheni, maarufu kwa kuchora mistari kwenye skrini akionyesha nani alikwenda wapi na kwa nini.

Alipofuatwa miaka ya 1980 ili jina lake litumike, kompyuta za wakati ule zilikuwa dhaifu. Watengenezaji walitaka gemu yenye wachezaji wachache kila upande. Madden akagoma. Kama sio 11 kwa 11, sio mpira, na jina lake lisiwekwe. Wakasubiri, wakahangaika, na mwaka 1988 gemu ya kwanza ikatoka ikiwa na watu 11 kila upande. Mzee alifariki Desemba 28, 2021, lakini msimamo wake bado uko ndani ya gemu. Alitaka kitu cha kufundishia mpira. Ndio maana asiyetaka kujifunza anateseka.

Sasa macho yatazame nini? Waanze na mabeki wawili wa mwisho, wale wanaosimama nyuma kabisa katikati ya uwanja. Wakiwa wawili nyuma, maana yake mpinzani anaogopa pasi ndefu na huku mbele amebakiza watu wachache. Hapo mpira apewe mkimbiaji apite katikati. Yadi 5 au 6 zinapatikana bila kelele. Akiwa mmoja tu nyuma, mwenzake ameshuka kuongeza nguvu mbele, kukimbia katikati kunakuwa kugumu, lakini pembeni wapokeaji wamebaki mtu na beki wake. Hapo pasi ya pembeni ina maisha.

Dalili ya pili ni rahisi zaidi, na wageni wengi hawaijui kabisa. Kabla mpira haujatoka, gemu inaruhusu mpokeaji mmoja kutembezwa kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Atembezwe. Beki akimfuata hatua kwa hatua, kwa kawaida mpinzani anakaba mtu kwa mtu. Beki akibaki alipo, mpinzani anakaba eneo. Taarifa hiyo ni ya bure.

Wakikaba mtu kwa mtu, zitafutwe mbio za kukatiza uwanja, zile ambazo wapokeaji wawili wanapishana na mabeki wanagongana wakiwafuata. Wakikaba eneo, mpokeaji asimame kwenye uwazi kati ya beki mmoja na mwingine, apewe mpira mapema. Shabiki wa soka hili analijua tayari. Ndilo jambo lilelile la kiungo mshambuliaji anayejificha kati ya mabeki na viungo wakabaji.

Dalili ya tatu ni watu wanaosogea kwenye mstari wa mbele. Wakianza kujazana pale, wanataka kumvamia kwotabeki. Mgeni akiona hivyo anaogopa na kurudi nyuma zaidi, na anaangushwa akiwa na mpira mkononi. Mzoefu anafurahi. Watu waliokuja mbele wameacha nafasi nyuma yao. Pasi fupi ya haraka kwenye nafasi hiyo inamaliza uvamizi wote.

Kuna tahadhari moja. Mabeki wajanja hudanganya. Wanajipanga wawili nyuma, mpira ukitoka mmoja anashuka. Kwa hiyo macho yarudi tena kwa mabeki wa mwisho mara tu mpira unapotoka, nusu sekunde tu, kabla ya kutupa chochote. Kama picha imebadilika, mpango nao ubadilike.

Baada ya macho ndipo vidole vinaingia, na hapa nako kuna makosa ya kila siku.

La kwanza ni pasi. Kitufe kikiguswa kidogo, mpira unapanda juu na kushuka taratibu. Kikishikiliwa, mpira unakwenda kama risasi. Mgeni anagusa tu kila mara, kwa hiyo mipira yake inaelea na mabeki wanaisubiri kama embe bivu. Pasi ya kupita katikati ya watu inataka kitufe kishikiliwe. Ile ya juu iachiwe mpokeaji aliyemwacha beki nyuma.

La pili ni kitufe cha mbio. Kwenye FC watu wamezoea kukibana kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kwenye Madden, mkimbiaji akipewa mpira na kubanwa mbio hapohapo, anawafikia wenzake wanaomsafishia njia kabla hawajamaliza kazi, anagonga migongo yao na kuanguka. Atembee nao kwanza. Njia ikifunguka, ndipo abanwe.

La tatu ni tamaa. Hakuna mtu aliye wazi? Kuna kitufe cha kuutupa mpira nje. Jaribio moja limepotea, basi. Kulikosa jaribio moja ni hasara ndogo, kumpa mpinzani mpira ni hasara kubwa. Lakini mgeni anaona aibu kutupa mpira nje. Haoni aibu kudakwa mara nne.

Kwenye ulinzi kuna ushauri mmoja unaotosha kuanza nao. Mchezaji asishike wale wanene wa mstari wa mbele, asikimbilie pia beki wa pembeni. Ashike lainibeka wa katikati, ambaye kwa lugha ya soka ni kiungo mkabaji. Anayaona yote, anaziba pasi za katikati, na akikosea bado ana watu nyuma yake. Beki wa pembeni akikosea hatua moja, ni tachidauni.

Halafu kuna saa. Hapa ndipo hata wakubwa wa uwanjani huangukia pua.

Februari 2017, Atlanta Falcons waliongoza Super Bowl 28-3 dhidi ya New England Patriots ya Tom Brady. Robo ya mwisho ikawa 28-20, lakini Falcons wakapata mpira mrefu wa Julio Jones uliowafikisha yadi 22 tu kutoka mwisho wa uwanja wa mpinzani. Wangekimbia na mpira, saa ikatembea, kisha wakapiga mkwaju wa pointi 3, Patriots wangehitaji kufunga mara mbili. Falcons wakarudi kwenye pasi. Kwotabeki wao Matt Ryan akaangushwa, ikafuata faulo, wakasukumwa nyuma hadi mkwaju ukawa hauwezekani. Patriots wakasawazisha na kushinda 34-28 kwenye muda wa nyongeza.

Hao ni watu wanaolipwa mamilioni ya dola. Mtoto wa gemu anayefanya kosa lilelile asijilaumu sana, lakini ajifunze. Akiongoza mwishoni, mpira uwe wa kukimbia na wabaki ndani ya uwanja, kwa sababu anayetoka nje ya mstari anaweza kuisimamisha saa.

Upande wa pili yupo Brandon Stokley. Septemba 2009 Denver Broncos walikuwa nyuma kwa Cincinnati Bengals zikiwa zimebaki sekunde chache. Pasi ikapanguliwa na beki, ikamwangukia Stokley, akatimka peke yake. Alipofika mbele ya eneo la mwisho hakuingia. Akakata kona, akakimbia kandokando ya mstari kula sekunde, kisha akaingia. Broncos wakashinda 12-7. Kila mcheza Madden aliyeona aliitambua ile mbio, na Stokley mwenyewe alikiri kuwa ni jambo la kwenye gemu. Mtu mzima, kwenye mechi ya kweli, akili ya pedi ikamsaidia.

Wapo watakaobisha. Watasema mtandaoni kuna jamaa wanashinda bila kusoma chochote. Wana mchezo mmoja wameugundua unafanya kazi, wanaurudia kutwa nzima. Ni kweli wapo, na wamekuwepo siku zote. Kwenye Madden NFL 2004 alikuwepo Michael Vick wa Atlanta, kwotabeki mwenye mbio zisizo za kawaida. Ukimpata, unakimbia tu. Watu wanaikumbuka hadi leo.

Lakini jamaa wa mchezo mmoja anaishi kwa kukutana na wasiotazama. Siku akikutana na mtu aliyeusoma mchezo wake mara mbili, hana wa pili. Anapigwa na hajui kwa nini.

Jambo la mwisho linagusa mfuko. Kama ilivyo kwenye FC, Madden nayo ina Ultimate Team, timu inayojengwa kwa kadi, na kadi zinauzwa kwenye pakiti kwa pesa halisi. Mgeni akipigwa mara tano mfululizo, wazo la kwanza ni kununua. Anadhani shida ni wachezaji wake. Ananunua kwotabeki wa pointi 95, anarudi uwanjani, anatupa pasi ileile kwa beki yuleyule. Inadakwa.

Na kila mwaka, kwa kawaida Agosti, toleo jipya linatoka. Timu aliyoijenga inabaki kwenye gemu ya zamani, anaanza upya. Kwa kijana ambaye hata bando analipima, hiyo ni pesa iliyokwenda na maji. Kusoma mabeki wawili wa mwisho hakuuzwi, na hakufutwi toleo jipya likija. Ndani ya gemu kuna sehemu ya mazoezi ambayo wengi hawaifungui kabisa. Saa mbili mle zina faida kuliko pakiti kumi.

Na elimu hiyo itatumika nje ya pedi. Mwaka 2028 kule Los Angeles, flag football, ndugu wa mchezo huu usio na kugongana, utachezwa Olimpiki kwa mara ya kwanza. Ni watano kwa watano, hakuna helmeti, lakini swali la kabla mpira haujatoka ni lilelile: wanakaba mtu au wanakaba eneo?

Yule mkali wa FC aliyepigwa 28-0 na aichukue tena pedi. Safari hii asibonyeze kwanza. Ahesabu mabeki wa nyuma, amtembeze mpokeaji mmoja, aone nani anamfuata. Achukue yadi zake 4, kisha 4 nyingine, kisha 3. Hakuna atakayemshangilia kwa hilo. Ila mpira utakuwa bado wake, na saa itakuwa inatembea.