Paka wa Kukodi, Mtamba wa Mkopo

Na Ta Rwiza

Sifugi mbwa, sifugi paka, na wanaonijua hapa Bukoba wameshaacha kuniuliza. Kwetu mbwa alikuwa na kazi yake: abweke, alinde, alale nje. Paka naye alikuwa na panya wake wa kuwashughulikia kwenye magunia ya maharage. Hakuna aliyewabusu. Siku hizi mjini mbwa anaogeshwa kwa shampuu na kuamrishwa kwa Kiingereza, wakati mwenzake wa Muleba bado anafukuzwa kwa Kihaya, na sijaona kwamba wa mjini ana akili zaidi.

Msinione mkatili, nina sababu zangu. Kichaa cha mbwa hakina mzaha. Dalili zikishajitokeza kwa mtu, daktari anabaki kumpunguzia mateso tu. Halafu kuna Rubondo, kisiwa kilichomo humu humu Ziwa Victoria. Kati ya mwaka 1966 na 1969, Bernhard Grzimek na Shirika la Wanyama la Frankfurt waliwaachia pale sokwe wapatao 17 kutoka Ulaya. Walikuwa wamekamatwa porini Afrika wakiwa wadogo, wakakulia kwenye bustani za wanyama na sarakasi, wakachekewa na kupigwa picha. Baadhi yao walifika Rubondo wakiwa wamezoea watu kiasi kwamba, badala ya kuwakimbia, waliwavamia. Madume wawili wakapigwa risasi. Waliosalia wakazaana, na wajukuu zao leo ni sokwe wa porini kweli. Hao ndio ninaowaheshimu, kwa sababu hawahitaji kupakatwa na mtu.

Sasa mpwa wangu, binti wa chuo mwenye paka chumbani, akaamua kunisilimisha kwa filamu. Kizazi changu kimelelewa na kibanda umiza, kile kibanda cha video: filamu ni ngumi na mateke, na sauti ya marehemu na walio hai, akina Lufufu, wakitutafsiria kwa Kiswahili maneno ambayo mwigizaji mwenyewe hakuyasema. Huyu binti kaniletea Rentaneko, filamu ya Kijapani ya mwaka 2012 iliyoongozwa na Naoko Ogigami. Hakuna hata kofi moja. Kuna mwanamke anaitwa Sayoko, anasukuma mkokoteni kando ya mto, juu yake paka, mkononi kipaza sauti, anatangaza kwamba anakodisha paka kwa watu wapweke. Anatangaza kama muuza sumu ya panya wa sokoni kwetu, ila bidhaa yake ni kinyume.

Nilicheka, nikasema hawa watu wamekwisha. Japani ina mbwa na paka wa kufugwa wengi kuliko watoto walio chini ya miaka 15. Taifa la namna hiyo lisipokodisha paka likodishe nini? Binti akanyamaza, akaniwekea nyingine ya Ogigami huyo huyo, Kamome Shokudo ya mwaka 2006. Mle msimuliaji anaanza tu kwa kusema kwamba alipokufa paka wake mnene alilia sana, na mama yake alipokufa hakulia hivyo. Sentensi hiyo ukiitamka matangani Kamachumu, utaitiwa wazee kabla ugali haujaiva.

Lakini kuna jambo kwenye ile ya kukodi lilinikaa. Sayoko hampi mtu paka hivi hivi. Kwanza anaomba kwenda kukagua nyumba: anaingia, anavua viatu, anatazama sebule, anakaa, anasikiliza. Mteja mmoja ni bibi kizee mjane, mtoto wake yuko mbali. Anapenda paka, ila umri wake haumruhusu kufuga wa kwake, maana akifa nani atabaki na paka. Ndiyo maana anakodi.

Nikasema: lakini huyu ni mtamba wa mkopo!

Msomaji wa Kagera ananielewa. KALIDEP, ule mradi wa mifugo uliofadhiliwa na Waholanzi, ulikuwa ukikopesha mitamba kwa wakulima wetu, na mipango mingine imefuata njia hiyo hiyo. Hukabidhiwi mtamba kwa kuomba tu. Bwana mifugo anafika kwako, anapima banda kwa macho, anauliza matete umepanda wapi, maji unachota umbali gani, nani atabaki na mnyama ukiugua. Baadaye unalipa deni kwa ndama jike, anakwenda kwa jirani. Na hatukuanza na miradi: kibanja cha Mhaya kimeishi kwa samadi miaka yote, na ndani ya msonge wa zamani ng'ombe walilala chini ya paa moja na wenye nyumba. Ukaribu na mnyama tulikuwa nao, ila ulilipiwa kwa ndizi.

Mwezi uliopita nilikuwa Muleba, upande wa Kamachumu, kwa mama mmoja mjane aliyepata ng'ombe kwa mpango wa namna hiyo. Nilimkuta akikatakata mgomba kwa panga, vipande vyembamba, anavisogeza kwa mguu hadi kwenye hori. Ng'ombe amezeeka, maziwa ni kikombe. Watoto wako Mwanza na Dar es Salaam, na kila wakipiga simu wanamwambia auze. Mimi nikajiandalia safu yangu kichwani: mama anampenda ng'ombe wake kuliko wanawe, Ujapani umefika Kamachumu.

Nilipomuuliza, alishangaa. Ng'ombe ni ng'ombe, akasema, nasubiri bei nzuri ya Krismasi. Kinachomuuma ni kingine: alipomaliza kulipa deni, wakaguzi waliacha kuja. Kulikuwa na kijana wa mifugo aliyefika na pikipiki, akikagua kwato na kunung'unikia sakafu ya banda, kisha akikaa barazani mpaka jua linapungua. "Nilipe deni upesi nilikuwa na haraka gani, waitu?"

Tangu siku hiyo naitazama ile filamu kwa jicho jingine, na bado sitafuga paka. Binti anaona paka ndiye anayeziba pengo. Mimi naona paka ni kisingizio cha kumwingiza Sayoko ndani avue viatu. Kuna vijana wetu mjini wanaotaka kuwapelekea mama zao kijijini watoto wa mbwa, eti wawape kampani. Nauli ya basi kutoka Dar ni kubwa, najua. Lakini mbwa wa namna hiyo ni mdomo mwingine wa kulishwa na mtu ambaye tayari hana hamu ya kupika.

Yule mama nilimsimulia habari ya mkokoteni wa Kijapani. Alitaka kujua kama yule mwanamke anafika mpaka huku, na anatoza kiasi gani. Nikamwambia ni hadithi tu. "Basi akija," akasema, "paka wake amwache huko huko nje. Yeye aingie, atafune kahawa."