Dau Linalogawanywa

Poka ina aina nyingi. Inayojulikana zaidi ni Texas Hold'em, ambamo mwenye karata bora kwa kawaida huzoa dau lote. Marafiki wanapokutana kwangu jioni, tukichezea punje za maharage badala ya fedha, mimi hupendekeza Omaha ya juu na chini. Naipenda kwa burudani yake, na zaidi kwa somo lake kwa siasa zetu.

Kanuni zake si ngumu. Kila mchezaji hupewa karata nne za siri, na tano huwekwa wazi mezani kwa wote. Hutumia mbili za kwake na tatu za mezani. Mwishoni dau hugawanywa: nusu kwa mwenye karata za juu kabisa, nusu kwa mwenye karata za chini kabisa. Hata hivyo, nusu ya chini si sadaka. Anayeitaka sharti awe na karata tano zisizolingana, zote zikiwa nane au pungufu, ree ikihesabiwa moja. Asipopatikana aliyetimiza sharti, wa juu huchukua vyote.

Anayefuatilia siasa za Zanzibar ataitambua sura hiyo. Tarehe 31 Julai 2010 wananchi waliridhia kwa kura ya maoni Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na Makamu wa Kwanza wa Rais akatoka katika chama cha pili. Uchaguzi wa mwaka huo uliamuliwa kwa asilimia 50.1 dhidi ya 49.1. Kumpa mmoja vyote kwa tofauti hiyo kungekuwa kuwaambia karibu nusu ya wapiga kura kwamba hawamo nchini mwao. Machi 2016, chama kikuu cha upinzani kiliposusia uchaguzi wa marudio, hakuna mpinzani aliyefikia kiwango cha kuingia serikalini. Mshindi akabaki na vyote.

Naunga mkono mgawanyo. Mchezaji anayejua kwamba ana nusu ya kupigania hana sababu ya kuipindua meza.

Lakini Omaha hufundisha pia hatari yake. Mwenye uhakika wa juu na mwenye uhakika wa chini hunufaika pamoja kwa kuongeza dau bila kikomo. Hawahitaji hata kukonyezana. Anayeumia ni wa katikati, mwenye karata nzuri kiasi: kila duru humlazimu kulipa zaidi, na nusu mbili wanazogawana wenzake zimejaa maharage yake.

Katika siasa, huyo wa katikati ni mwananchi na vyama vidogo. Vyama vikuu viwili vikiwa serikalini pamoja, nani ataihoji bajeti barazani? Maridhiano yanayoishia katika kugawana vyeo huwatuliza wakubwa na kumwachia mlipakodi gharama.

Kwetu mezani tumeweka kikomo: dau haliongezwi zaidi ya mara tatu katika duru moja. Serikali ya pamoja nayo inahitaji kikomo chake: wawakilishi walio huru kuikosoa hata kama vyama vyao vimo ndani yake, mkaguzi wa hesabu asiyetishwa, na vyombo vya habari visivyofungiwa. Tuutetee mgawanyo wa dau, na tumlinde kwa sheria anayelijaza.