Divai ya Wafaransa Haikuanguka Kutoka Mbinguni

Katika feti za ndoa hapa Bukavu tunaona jambo moja linalotuumiza. Chupa ya divai nyekundu yenye maandishi ya Kifaransa inawekwa kwenye meza ya wageni wakubwa. Kasiksi ya bamama inanywewa nyuma ya nyumba, karibu na jiko, sawa kitu cha haya. Ukiuliza juu ya nini, watakujibu: « Divai njo kinywaji ya batu balisoma. Kasiksi ni ya bashamba. » Sisi walimu tunasema wazi: anayejibu hivyo hajui kasiksi, na divai pia haijui.

Maana ni nani aliyeifanya divai ya Ufaransa? Ni watu wa shamba! Kule Bourgogne, watawa wa Cîteaux, monasteri iliyoanzishwa 1098, walilima shamba la Clos de Vougeot na kulizungushia ukuta wa mawe. Kizazi kwa kizazi watu wa kule walitambua kwamba zabibu ya aina moja tu, pinot noir, inatoa ladha hii hapa na ladha ingine ng'ambo ya njia, sababu udongo, mteremko na jua si vile vile. Kila kipande cha shamba wakakipa jina lake. Mwaka 1395 mtawala wao, Philippe le Hardi, aliamuru mizabibu ya gamay ing'olewe: ilizaa sana, lakini divai yake aliihesabu kuwa mbaya. Ona basi, tangu zamani hizo walikuwa wanabishana: wingi ao uzuri?

Na wale wanaojivunia rangi yake, wanajua inatoka wapi? Maji ya zabibu nyeusi, karibu zote, ni meupe. Wekundu unatoka kwenye maganda yanayolowa ndani ya pipa. Maganda na mbegu njo vinaleta ule ukali unaokausha ulimi, na ukali huo unasaidia divai nzuri ya Bordeaux, ya cabernet sauvignon na merlot, kukaa miaka mingi bila kuharibika. Hapa kwetu mtu anaimwangia sukre ndani kusudi iwe tamu, kisha anajiita mstaarabu!

Wengine watatuambia: « Lakini divai yao ina vyeo tangu 1855. » Ni kweli. Kwa maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka ule, madalali wa Bordeaux walipanga divai nyekundu katika madaraja matano. Kipimo chao kilikuwa nini? Bei ya sokoni. Tangu siku ile château moja tu imepandishwa daraja: Mouton Rothschild, mwaka 1973. Na mwaka 1976, pale pale Paris, waonjaji Wafaransa ambao hawakuonyeshwa majina waliweka divai nyekundu ya California mbele ya zile za Bordeaux. Kumbe karatasi ya chupa haina ulimi.

Heshima ya kweli ilitoka katika mateso. Kuanzia miaka ya 1860, mdudu phylloxera aliyetoka Amerika alikula mizizi ya mizabibu yao, mpaka wakaipandikiza juu ya mizizi ya Amerika. Wadanganyifu nao wakauza maji na sukari kwa jina la divai. Mwaka 1907 wakulima wa Languedoc waliasi, na kule Narbonne askari waliwapiga watu risasi. Mwishowe, mwaka 1935, seneta Joseph Capus na wenzake walipata sheria: jina la mahali si la kila mtu. Anayelitumia lazima afuate mipaka, aina ya zabibu na kipimo cha mavuno. Mwaka 2015 UNESCO iliandika mashamba yale ya Bourgogne katika urithi wa dunia.

Sasa tujiulize sisi benyewe. Nani ameandika ginsi bamama zetu wanavyochagua ndizi, wanavyozivundika, wanavyozikamua na majani, na mtama wanaoutia ndani? Kasiksi ya kilima gani inapita ya kilima gani? Bazee wanajua. Wakifa, shule imefungwa.

Hatuhubiri ulevi, tumeona nyumba mingi zikibomoka kwa pombe. Wala hatukatai divai. Tunakataa ujinga wa kuheshimu urithi wa wengine na kuficha wetu nyuma ya jiko. Mwaka 2021 rumba ya Kinshasa na Brazzaville iliandikwa na UNESCO. Basi kumbe tunaweza!

Walimu wenzetu, likizo hii tuwatume wanafunzi kwa banyanya wao na daftari na kalamu. Waandike jina la ndizi, jina la kilima, siku ngapi, kipimo gani. Watawa wa Bourgogne nao walianzia kwenye shamba moja.