MAJI YA KIBARUA YAANDIKWE KATIKA MAKISIO

Ndugu wafanyakazi, wengi wetu wa mashamba ya chai, majani yakipungua, huenda kutafuta kibarua cha ujenzi. Wenzetu wa viwandani nao huona maghala yakijengwa mbele ya macho yao. Basi hesabu za mkandarasi si shauri la wenye shahada peke yao.

Makisio ya ujenzi yana pande mbili. Upande wa kwanza ni saruji, nondo, mabati, na ujira wa mwashi anayepanga matofali. Upande wa pili ni gharama zisizo za moja kwa moja: msimamizi, mlinzi wa usiku, stoo, choo, maji ya kunywa, kofia ngumu, sanduku la huduma ya kwanza, bima. Hizi huzioni ukutani.

Tena nyingi huenda na wakati. Saruji ya msingi ni ile ile, kazi ichukue miezi 6 au 9. Lakini mlinzi wa, tuseme, shilingi 100,000 kwa mwezi atalipwa 600,000 au 900,000. Mwenye mradi akichelewesha malipo, upande huu ndio unaovimba.

Sasa mkandarasi anayetaka kushinda zabuni afanyeje? Saruji hununuliwa kwa bei ya duka. Hukata upande wa pili. Wengine hubandika asilimia fulani tu bila kuhesabu hata kofia moja. Niliwahi kuwa karani wa stoo mahali ambapo sitapataja: watu 40, kofia 8. Maji tulichangishana. Aliyekanyaga msumari alijilipia sindano. Gharama haikufutwa, ilihamia mfukoni mwa kibarua.

Mkataba namba 167 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), wa mwaka 1988, unataka maji salama ya kunywa penye kila ujenzi, na vifaa vya kujikinga vitolewe na mwajiri bila mfanyakazi kulipa. Lakini kudai baada ya kazi kuanza ni kuchelewa, maana fedha hazimo katika bei.

Vyama vyetu vidai kabla ya zabuni kutangazwa. Usalama na huduma za wafanyakazi ziandikwe mstari kwa mstari, kiasi kile kile kwa wazabuni wote, asiruhusiwe mtu kushinda kwa kuzipunguza. Tuanze na majengo ya serikali, kwa kuwa huko mlipaji ni sisi wenyewe. Na nakala ya mistari hiyo ibandikwe getini, kibarua asome siku ya kwanza ni kofia ngapi zimelipiwa.